Alama ya Sikio

Leo nina duka la steshenari Mkuyuni, kompyuta tisa, na elimu yangu ni ileile ya darasa la saba. Wasiponisifu najisifu mwenyewe. Lakini printa ikikwaruza, moyo unarudi kiwanda cha samaki kule ziwani, nilikokuwa mtia karatasi kwenye printa tu. Kompyuta yake ilikuwa kubwa kama friji. Aliyeiendesha ni dada mmoja wa Bukoba, msomi hasa. Nilikuwa nasimama nyuma yake nikitazama vidole.

Asubuhi moja alichapa orodha ya maboksi ya minofu, akawahi msibani Bujora. Printa ikatafuna kurasa za katikati. Lori limeshapakiwa, barafu inayeyuka, na uwanja wa ndege hawapokei mzigo bila orodha kamili. Kuanza upya haiwezekani: mashine ingeyapa maboksi nambari mpya, na zile za kwanza zimeshabandikwa kwenye maboksi.

"Bosi, alichochapa dada bado kimo ndani ya kompyuta," nikamwambia meneja. "Nitakinakili kutoka kwenye kazi yake."

"Wewe wa makaratasi?"

"Mimi huyuhuyu."

"Ukiharibu, unarudi kwenu kuchunga ng'ombe."

Nikakalia kiti cha dada, nikaandika jina la kazi, ndivyo mashine inavyoita kila kinachochapwa. Ikatoka orodha ya jana! Wapakiaji wakaangua kicheko: "Mchunga ng'ombe kapewa kompyuta!"

Kumbe kila siku dada aliipa kazi jina lilelile. Nikamkumbuka baba, kwetu Kisesa. Ng'ombe wekundu tulikuwa nao wengi. Ukimwambia "yule mwekundu" anakufukuza. Alitaka alama ya sikio, maana kila ng'ombe alikatwa yake. Basi nikaokota ukurasa wa kwanza uliosalimika, na pale juu pembeni ikawepo: nambari ambayo mashine huipa kila kazi, na haijirudii. Nikaiandika pamoja na jina.

Printa ikaanza kukwaruza. Meneja akasimama nyuma ya lori akilinganisha boksi moja moja na orodha. Mwisho akagonga bodi kwa kiganja: "Ondoa gari!"

Kesho yake dada akaingia. "Nani kakalia kiti changu?"

"Pole na msiba, dada. Ni mimi."

Akasoma orodha yote. Kisha akaenda stoo, akaburuta kiti cha pili, akakiweka kando ya chake.

Mguu mmoja wa kiti hicho ulikuwa umelegea. Nina viti vya kuzunguka sasa, vya ngozi. Kile ningekipata leo, ningekikalia mimi mwenyewe.