Komeo la Ndani

"Bibi, mlango wako uko wapi?"

Nasrin alikuwa darasa la tatu alipouliza hivyo. Alikuwa ametumwa maziwa, akampita Bibi Kornelia kwenye baraza la duka lililofungwa, pale Majengo, anamenya ndizi za mtori za mama lishe. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Pembeni palikuwa na godoro lililokunjwa, ndoo yenye mfuniko na mwavuli. Na Nasrin, katika akili yake ya utoto, alikuwa amegundua jambo: kila mtu aliyemjua ana mlango. Hata mbuzi wa Bi Sikudhani wana mlango.

Bibi Kornelia alimtazama, akacheka kidogo, akachukua ndizi nyingine. 

"Mtu mzima haulizwi hivyo," baba yake, Abdulkarim, alimwambia jioni. "Kesho ukamwamkie vizuri."

Kesho yake akaenda, akasema shikamoo, akapewa ndizi mbivu. Swali likabaki palepale barazani.

Mengine aliyajua kidogo kidogo, kwa kukaa jirani na mazungumzo ya wakubwa. Bibi Kornelia alikuwa mtu wa Kirua Vunjo. Mumewe alipofariki, bila mtoto wa kiume, shemeji yake alikumbuka ghafla kwamba kihamba, lile shamba lenye nyumba yao, ni cha ukoo.

"Wala hakunifukuza," Bibi alipenda kusema. "Alinibebea mzigo mpaka barabarani. Mtu mwema yule."

Akashuka Moshi, akapanga chumba. Nyonga ilipoanza kumsumbua, kazi ikapungua na kodi ikamshinda. Mwenye duka alikuwa amehamia Arusha, akamruhusu alale barazani mradi apafagie. Akapafagia miaka.

Nasrin alipoingia kidato cha kwanza, habari ikafika: mwenye duka anarudi. Baraza litazibwa kwa vioo, liwe sehemu ya duka. Bibi Kornelia atafute pengine, na masika hiyo inakuja.

Habari hiyo ilimkuta Calvin kwenye karakana ya Abdulkarim, ambako mageti ya mtaa mzima yalichomelewa. Calvin alikuwa kijana wa Marangu, amesomea usanifu wa majengo, mwepesi wa kutoa penseli kuliko kutoa salamu. Siku hiyohiyo akachora nyumba ya kukunja: fremu ya mabomba, kuta za plaiwudi, paa la turubai zito, magurudumu manne. Abdulkarim akachomelea, hakutaka malipo. Nasrin alishika mabomba yasicheze, na moyoni aliona hakuna kitu kizuri kama hicho kilichowahi kutoka karakana ile.

Siku ya kukabidhi, watu walijaa. Basili muuza kahawa akaweka birika chini.

"Bibi Kornelia, umepata gesti. Chumba namba ngapi?"

"Namba utapewa ukishaoga," akajibu Bibi, watu wakacheka. Kisha akamgeukia Calvin, akamshukuru kwa Kichaga. "Aika, mbe. Mungu akuzidishie."

Akaingiza ndizi zake, ndoo na mwavuli. Akafunga kufuli. Usiku ulipoingia akatandika godoro nje, kama siku zote.

Asubuhi Nasrin akiwa na sare ya shule alimkuta Calvin amechuchumaa mbele ya Bibi, uso umemshuka.

"Ni fupi, Bibi?"

"Si fupi."

"Kuna joto?"

"Hakuna. Baba, ni stoo nzuri sana."

"Si stoo. Ni nyumba."

"Nyumba gani inafungwa kwa nje?" Bibi alinyoosha kisu kuelekea kwenye komeo. "Umemfikiria mwizi wa ndoo yangu. Sasa mimi nikiwa ndani, mlevi akapita, akalisukuma hilo komeo kwa mchezo? Nitabisha hodi nikiwa kwangu?"

Abdulkarim alikuwa amesimama nyuma yao. Alilishika lile komeo, akalivuta, akalirudisha.

"Miaka yote naweka makomeo," alisema taratibu. "Geti la mtu naliwekea ndani, bila kuambiwa. Hili nimeliweka nje, wala sikujiuliza."

Hakuna aliyemlaumu. Mchana huo alilihamishia ndani, na usiku Bibi Kornelia akalala humo. Nasrin aliambiwa kwamba alikoroma mpaka mlinzi wa mtaa akasogeza kiti.

Lakini mafundi wa vioo wakaja kupima. Nyumba ya kukunja ikasukumwa kutoka barazani. Karibu na soko, wafanyabiashara wakasema inaziba njia. Uwanjani, wakaambiwa magari yatapita. Kila ilipofika palikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa na pole nyingi. Mwishowe ikasimama kwenye kichochoro, gurudumu moja limepinda, Bibi amekaa juu ya ndoo yake. Calvin akakaa kwenye tofali.

"Nyumba nimechora," alisema. "Mahali pa kuiweka sikuchora."

"Hapo ndipo penye kazi," akasema Basili.

Dirisha likafunguliwa juu ya vichwa vyao. Bi Sikudhani, mwenye nyumba ile, alitoa kichwa.

"Mtalizungusha hilo gari mpaka lini? Mnanizibia njia." Akamtazama Kornelia kwa muda. "Chumba hiki cha marehemu kaka yangu kiko wazi. Lakini mlango wake uko koridoni, na mimi baada ya isha nafunga mlango mkubwa. Siamki alfajiri kumfungulia mmenya ndizi."

"Na mimi siombi kufunguliwa," Bibi Kornelia akajibu. "Kwa shemeji niliomba mpaka nikachoka."

"Basi tumeshindwana."

"Tumeshindwana, dada."

Wote wawili walikuwa na uso wa watu ambao wangependa kushawishiwa. Calvin aliinuka, akapima dirisha kwa mikono yake, akatazama upande wa kichochoro.

"Dirisha hili likishushwa mpaka chini, linakuwa mlango. Yeye anatoka huku. Wewe unalala."

"Ukuta wa baba yangu huo."

"Nitapiga plasta, Mama. Hutaujua."

"Na kodi atanipa. Sitaki watu waseme nimefungua kituo cha wasiojiweza."

"Nani kakwambia nataka bure?" akasema Bibi Kornelia.

Mlango haukununuliwa. Abdulkarim aliung'oa kwenye nyumba ya kukunja, pamoja na komeo lake, akaupaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye geti la mtu. Turubai likafunika jiko, mabomba yakawa kichanja cha ndizi. Calvin bado anachora, maana nyuma ya soko wapo wengine wanaolala nje, ila siku hizi swali lake la kwanza ni wapi.

Masika ilianza katikati ya Ramadhani. Jioni moja Nasrin alitumwa kupeleka futari. Alipita mbele ya vioo vya duka jipya, bakuli kalikumbatia chini ya mtandio, akaingia kichochoroni. Kwa miaka yote alikuwa amemfikia Bibi Kornelia bila kugonga chochote. Akagonga.

"Hodi."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Hodi, Bibi."

"Nani?"

"Nasrin. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nasrin yule aliyeniuliza mlango wangu uko wapi?"

Alidhani ni yeye peke yake aliyekumbuka. "Ndiyo, Bibi."

"Ndio huo unaougonga. Subiri hapo, nakuja kufungua."