Ishirini Nukta Nane

Wanafunzi walimwita Mama Ndoto, naye hakuwa na ugomvi na jina hilo. Saa moja asubuhi ungemkuta maabara, chupa mkononi, macho yameganda ukutani, ametekwa na jinsi mwanga unavyopita kwenye maji ya bluu na kucheza juu ya chokaa. Ukimsalimia mara ya kwanza, hasikii. Mara ya pili anashtuka: "Marahaba mwanangu, nipo, nipo," na hayupo hata kidogo. Nyumbani alikoishi na mama yake mzazi, pamoja na watoto wawili aliowaacha marehemu dada yake, mambo yalikuwa yale yale. Bi mkubwa alizoea kumkuta kasimama jikoni, mwiko uko hewani, akamuuliza, "Wewe mtoto, leo umefika wapi?" Mtoto mwenyewe ana miaka arobaini na sita.

Shule aliiachia njiani baba alipofariki, akaja hapa kufagia. Mtunza maabara wa wakati huo, mzee wa maneno machache, aliona kila kipindi cha kemia kikianza ufagio unasimama. Alimfukuza hadi akachoka, kisha akaona bora amfundishe. Mzee alipostaafu, funguo zikabaki kwa mfagizi, na huu ni mwaka wa kumi na tisa.

Katika yote aliyofundishwa alipenda bureti kuliko kitu kingine: lile bomba jembamba la kioo lenye mistari na namba, koki chini, linalodondosha asidi kwenye chupa ya besi iliyotiwa rangi ya waridi. Unadondosha, unatikisa. Unadondosha, unatikisa. Rangi imeng'ang'ania. Halafu linaanguka tone moja, halina tofauti na wenzake, na waridi yote inapotea, maji yanabaki maangavu. Unasoma namba kwenye mstari, basi. Moyo wake uliruka kila mara. Miaka yote hiyo, na hakuwahi kuzoea.

Sasa ukafika mtihani wa vitendo, ule wa kuchagua watakaoendelea na sayansi. Wanafunzi arobaini walihitaji besi nyingi, na shule haikuwa na chombo cha maana zaidi ya ndoo. Mama Ndoto alikuwa na utaratibu wake: kostiki, zile chembe nyeupe za kutengenezea besi, iliyopimwa kwenye mizani, jagi kumi za maji, na kwa kila jagi njiti moja ya kiberiti juu ya dirisha ili asipoteze hesabu. Asubuhi hiyo jua lilipiga kwenye ndoo, maji yakatupa duara za mwanga darini, zikapanuka na kuvunjika, zikapanuka tena. Mikono ikaendelea kumimina na kuweka njiti. Mwenyewe alikuwa huko darini. Kengele ilipolia aligawa besi mezani bila kuijaribu kwanza, jambo ambalo kwa kawaida asingelifanya.

Kesho yake alikuwa akiosha vyombo kwenye sinki, mwalimu wa kemia akisahihisha kwenye meza ya mbele. Mwalimu huyu hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake haukujua kupumzika.

"Huyu binti wa dawati la nyuma ananitafuta maneno," alisema. "Wenzake wote ishirini na tano. Ishirini na tano, ishirini na tano, huyu mjanja kaweka nukta moja ili nisishtuke. Binti yeye anakuja na ishirini nukta nane. Mara tatu! Saa sita napeleka orodha kwa mkuu, na huyu sayansi aisahau."

Mama Ndoto alifunga maji. Mtu anayebahatisha hakosei mara tatu mahali pamoja. Isitoshe alimkumbuka yule binti: aliinama mpaka jicho likawa sawa na mstari, ulimi nje kidogo, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Alisubiri mwalimu aende kunywa chai, akachota besi iliyobaki, akafungua koki. Waridi ikapotea mapema mno. Ishirini nukta nane. Akarudia, ishirini nukta nane. Akaenda dirishani kuhesabu njiti. Kumi na mbili.

Alikuwa na barua mbili za onyo kwenye faili lake, zote za kuvunja vyombo akiwa safarini kichwani, na ya tatu ingeweza kumtoa getini. Nyumbani kulikuwa na watu watatu wanaomtegemea yeye tu. Ndoo ilikuwa hapo, sinki hapo. Akajiona akiimwaga, besi inashuka bila sauti, njiti zinarudi kwenye kiberiti, na binti anaondoka zake darasa jingine bila kujua kilichompata. Ndoto ilikuwa nzuri kwa sababu haikuwa na mtu wa kuuliza swali. Aliiogopa, na alijionea aibu kuiota.

Akatoka mbio mpaka chumba cha walimu.

"Mwalimu, binti kasoma sawasawa. Besi ndiyo ina maji. Nimezidisha jagi mbili."

Kikombe kiliishia njiani. "Na hawa thelathini na tisa walisoma wapi ishirini na tano?"

"Hawakusoma, mwalimu. Walikumbuka. Kila mwaka jibu ni hilo hilo."

Mwalimu alirudi naye maabara na kukunja mikono ya shati. Ilikuwa miaka mingi tangu aishike koki mwenyewe. Asidi ikamwagika kwa pupa. "Tone tone, mwalimu," alimnong'oneza, "usiisukume." Rangi ilipokatika, mwalimu aliinama kwenye mstari na akakaa ameinama muda mrefu kuliko namba ile ilivyohitaji.

Jina la binti liliongoza orodha. Wengine walirudia mtihani, safari hii kwa besi ambayo hata mwalimu hakujua nguvu yake. Kumi na saba nukta mbili, wakasoma, nukta nne, nukta tatu, kila mmoja akimtazama mwalimu usoni. "Mnanitazama mimi nina mistari?" alifoka. Mama Ndoto alisikia hayo akiwa mlangoni, ametoka kwa mkuu wa shule, barua ya tatu mkononi. Hawakumfukuza. Iliandikwa kwamba hakuna ya nne.

Jioni binti alimfuata. Alikuwa amesikia.

"Shikamoo Mama. Ni kweli ulikosea?"

"Marahaba. Ni kweli. Nilikuwa naangalia dari."

Binti alivuta pumzi ndefu. "Nilirudia mara tatu kwa sababu nilijua wenzangu wana ishirini na tano. Nikasema basi, macho yangu mabovu. Nilishamwambia baba mimi sayansi siiwezi."

Mama Ndoto alimshika mabega yote mawili, na mara hii akawa yupo, yupo kabisa.

"Mwambie baba yako," alisema, "mlikuwa arobaini mle ndani, na kosa langu uliliona wewe peke yako."