Siku nilimukataza Mama Konsolata kunywa

Municheke sasa hivi mumalize, juu nikianza kusimulia sitaki mutu anikate njiani. Mi ndiye yule musichana mwenye walisema mu Bwiza yote, mutaa wetu wa Bujumbura, kama alitaka kumupa Mama Konsolata sumu mbele ya watoto wa shule, na kitu inaniuma zaidi ni kwamba, ukitazama vizuri, hawakudanganya sana.

Mujue kwanza pale nafanya kazi. Ni musée ndogo, makumbusho ya mila, iko na nyumba ya majani ya zamani, ngoma, vikapo, vibuyu, na nyuma bustani kubwa. Serikali inalipa Direkteri na walinzi, tiketi za mulangoni zinatengeneza paa (ikivuja tena, tiketi zinarudi kwa paa ileile), lakini masomo ya watoto ya Jumamosi, yenye mi nafundisha, haina mutu wa kuilipia. Zamani kulikuwa proje ya wazungu yenye ilikuwa inalipa, ikaisha, wakapiga picha za mwisho na watoto, wakaenda. Toka hapo tunaishi na harusi: watu wanakodi bustani, na hiyo pesa ndiyo inanunua rangi na makaratasi na kulipa basi ya kuleta watoto wa mutaa wa Kinama. Sasa mvua ikianza harusi hakuna, na harusi ikikosa basi hakuna, na basi ikikosa mi nafundisha vibuyu peke yao. Direkteri alishasema wazi: tusipopata mutu wa kutushika mukono mbele ya mvua kuanza, Jumamosi tunafunga, na we Odeta unarudi kwenu.

Mutu akapatikana. Mama Konsolata, anauza vitenge kwa jumla pale soko ya Jabe, mama wa watu, maneno kidogo. Direkteri alimufuata mara nyingi mpaka akakubali, lakini akasema yeye hatoi pesa kwa maneno, atakuja mwenyewe aone hao watoto wanajifunza nini.

Basi siku ikafika, watoto wamefika, tumefagia, na Direkteri amenunua impeke, ile pombe yetu ya mutama, ya kumupokea nayo mugeni kama mila inavyotaka. Ikaletwa mu bido ya njano, dumu ya plastiki. Mi nikaitazama ile bido (ilikuwa imekaa mafuta ya kupika, maandishi bado yako), nikasema apana, mama kama huyu, mu musée, yenye kazi yake ni kuonyesha mila, tumumiminie mu bido? Na nyuma yangu, mu kabati ya vioo, kuna kibuyu ya shingo ndefu na mirija yake, nzuri, inang'aa kama imepakwa siagi. Kabati ni ya Issa, mwenzangu mwenye anachunga vitu yote ya musée, lakini Issa alikuwa ameenda kuomba viti kwa jirani na ufunguo ameuacha juu ya meza. Ningemungoja, nani angekufa? Lakini mi na kungoja hatujuani. Nikafungua, nikatoa, nikaipangusa na kitambaa (inje tu, jamani, inje tu), nikamimina.

Sasa kwetu, mutu mwenye anatoa kinywaji ndiye anaonja wa kwanza, machoni pa mugeni. Tunaita gusogongera. Ni kumuambia mugeni: tazama, mi nimekunywa, mi mzima, hakuna kitu ndani. Hata mutoto mudogo anaijua hiyo. Usipoonja, hujasema neno lakini umeshasema yote.

Mama Konsolata akaingia na imvutano nyeupe, ile nguo ya heshima inafungwa begani, akakaa mbele na dada yake. Watoto waliimba, kamutoto kamoja ka Kinama kakaeleza ngoma inatengenezwa na muti gani na kwa nini si kila mutu anaipiga, vizuri kabisa, mpaka mama akacheka kidogo na Direkteri akanifanyia jicho: sasa. Nikaleta kibuyu, nikapiga magoti, nikatia murija mudomoni.

Pale pale Issa akaingia na viti begani.

Akaona kibuyu. Akashusha viti polepole, moja, moja, bila kutoa macho kwangu. Halafu, nyuma ya watu wote, akafanya vidole kama mutu anamwaga chumvi mu sahani, akaonyesha kibuyu, akatikisa kichwa.

Poda. Wadudu wanakula vibuyu, na kila mara Issa anamwagia yote poda ya kuwaua, ndani, kwa mudomo ya kibuyu. Na mi nilijua. Nilijua vizuri, siku ya mwisho aliimwaga nilikaa inje kutwa nzima juu ilinipigisha chafya, ila haraka ilinisahaulisha. Na midomo ilikuwa imeanza kuniwasha.

"Vuta basi," Direkteri akasema kwa sauti ya chini, meno yote inje.

Nikahesabu njia zangu. Nikidanganya kuvuta, mama ataamini na yeye atavuta kweli. Nikivuta kweli, atavuta vilevile, tutaenda wote wawili. Nikakaa pale na murija mudomoni kama mutoto wa mbuzi, jasho inatoka, na Mama Konsolata akanyoosha mukono akashika kibuyu ajisaidie mwenyewe, nafikiri aliona kama naona haya.

"Mama, musikunywe."

"Kwa nini?"

"Haijaiva."

"Impeke mi naijua toka sijakuwa na meno. Leta."

Akavuta kibuyu upande wake. Nikaivuta na mi upande wangu. Akaacha kuvuta, akanitazama ndani ya macho, na akauliza ile swali yenye kila mutu mu ile sali kubwa ya musée alikuwa anaisubiri:

"We mutoto, mumetia nini humu?"

Mi nikavuta mara ya mwisho, yeye akaachia, na kibuyu yenye ilitangulia babu yangu kuzaliwa ikaanguka kwa sakafu ya sima ikapasuka, na impeke yote ikapanda juu ya imvutano nyeupe. Dada yake akapiga kelele, sumu, ni sumu. Mwalimu wao akasukuma watoto inje, mama mumoja mwenye aliwasindikiza akambeba wake mugongoni akakimbia bila viatu, na mu bustani kulikuwa familia inapima na kamba pale wataweka hema ya harusi. Wakasikia, wakakunja kamba yao, wakaenda. Direkteri alikaa tu. Nilimuona anatazama hiyo kamba inatoka mulangoni.

Mi nilitoka nikajua imeisha. Lakini Mama Konsolata alikuwa mu gari yake, mulango wazi, na Issa ameinama anamuonyesha kopo ya poda. Mama akamusikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniita na kidole.

"Panda. Midomo yako imevimba, twende kwa dispensaire wakutibu."

Gari yote ilinuka mutama. Dada yake alikaa mbele na hakugeuka hata mara moja.

"Ulivuta?"

"Apana Mama. Nilitia mudomo tu."

"Na kama yule kijana asingeingia?"

Nilianza kulia, na mu kulia nikamuambia yote, proje, harusi, mvua, basi ya Kinama, bido ya njano, na kwamba nilitaka tu aone kama tuko watu. Akatazama dirishani.

"Vibuyu munalinda na wadudu," akasema, "wageni hamuwalindi."

Mufurumo, muuguzi wa pale, alinisafisha midomo, akasema sijameza, nina bahati. Bahati gani, mi nilijiuliza, na kesho nitakuwa sina kazi.

Zikapita siku za kutosha kunikondesha, mpaka siku moja Mama Konsolata akarudi, akaingia bureau ya Direkteri bila kukaa. Alisema atalipa basi na vifaa ya watoto mpaka shule ifunge, juu kale kamutoto kalieleza ngoma kuliko hata Direkteri (Direkteri akacheka, angefanya nini). Ila kwa sharti: kila Jumamosi somo ya kwanza ni vipande za ile kibuyu juu ya meza, na Odeta mwenyewe anasimulia vile ilivunjika, asiruke kitu, watoto wajue kitu ya kushika ni gani, na ya kutazama tu ni gani.

Basi nasimulia, kila Jumamosi. Mama Konsolata akikuja anakaa mbele na chupa yake ya maji, anaifungua machoni pangu, anaonja, ananitazama. Watoto wanakufa na kicheko. Ufunguo ya mutu sitaigusa tena maisha yangu yote, hata nikiokota njiani nitaipita.

Jumamosi iliyopita kamoja kakainua mukono: "Dada Sumu, na leo utatuambia tena?"

Nikakaambia ndiyo, mwanangu, kaa vizuri. Mazuti, mafuta ya gari, inakosa mu muji huu muzima, lakini basi yenu inakunywa aibu yangu, na hiyo haiishi.