Fare ya Xenon na Kilio cha Pinga

Kama unatoka Pinga usisome hii, maana wewe uliona na macho yako na utasema nimepunguza. Wengine nawaambia mwenyewe kabla hamjaambiwa na wamotard wa Sake, waendesha pikipiki wale wanaoniita "Marehemu" mpaka leo (hata mama mmoja mwuza makala ya kupikia, ambaye hajui mwanzo wala mwisho wa habari, ananisalimia "Marehemu, uliamuka muzuri?" na mimi naitika, nifanye nini?). Nitajaribu kusema kwa haki. Siku ile hakuna mtu aliyenikosea, ni mimi, ao labda ukungu kidogo.

Mambo ilianza na Riziki, bibi yangu wa ndoa. Tulipokimbia vita kule Kashuga tulitokea njia mbili, yeye akapanda kwa wazazi wake Pinga, mimi nikashuka Sake na pikipiki, tukasema ni ya majuma machache tu. Mvua ikapita, ikarudi, ikapita tena. Kila mara network ikikubali, Riziki ananiuliza jambo moja: "Njia imefunguka?" Na mimi nasema bado. Mara nyingi ilikuwa kweli bado, lakini si mara zote, kuna siku ilikuwa woga tu, niandike hivyo. Nikaanza kuogopa lile swali kuliko njia yenyewe. Jioni nilikuwa nakaa juu ya mkeka nikiwaza vile anavyokunja kikwembe chake, kitenge cha kujifunga, anakikunja na kukikunja mpaka kinakuwa kidogo kama kitabu cha sala, na nikashindwa kukumbuka kama anaanza na pindo la kuume ao la kushoto. Hiyo ilinitesa sana. Mtu akisahau vile, kesho atasahau nini?

Halafu kaka yake mkubwa, Justin, akanipigia simu.

"Shemeji, jamaa itakaa Siku ya Posho, Jumamosi, jioni juu ya mambo ya Riziki. Kama hauko, baba atasema huyu mwanamuke hana bwana. Mimi nakuambia tu, usiseme kesho haukujua."

Alisema kwa upole. Ingekuwa heri angefoka.

Sasa, njia ya Pinga mnaijua. Ukipita Mweso mchana umekwisha kuchoka, na ukungu unashuka kutoka milimani kama mtu aliyealikwa, na fare yangu ya zamani, taa ya mbele ya pikipiki, ilikuwa ya manjano, dhaifu, ukiiwasha unapaswa kuweka kiganja mbele ili ujue inawaka. Nikajiambia, Bahati, usikose bibi kwa sababu ya taa. Huo ndio uamuzi mdogo wenyewe. Nikaenda kwa Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo anayeuza vipuri pale sokoni.

"Papa, nipatie taa ya kukata ukungu."

"Kuna hii xenon. Inawaka nyeupe mpaka inaelekea bleu. Lakini kaka, fare yako haikutengenezewa hii. Mwangaza utatawanyika. Batu ya mbele yako bote batakuwa vipofu."

"Mbele yangu itakuwa ukungu tu, Papa."

"Na hiki kisanduku chake cha kupandisha moto wa umeme tutakiweka wapi?"

Tukakibana chini ya usukani, karibu na waya wa klaksoni, yaani honi. Papa Kambale akaniambia nirudi kesho apange waya vizuri, na mimi nikasema kesho niko njiani, iko bien, wacha vile. (Alinionya mara mbili, naandika mara mbili, asije akalaumiwa.)

Kitu kingine nilichobeba ni matela, godoro. Riziki tangu Kashuga analala chini, na siku tulipoachana nilimuambia, siku nitakuja kukuchukua nitakuja na matela ya sponji. Nikaikunja kwa urefu, nikaifunga na bashe ya plastiki kwa sababu ya mvua, na juu yake nikaviringisha kikwembe kipya cha kumpelekea mama mukwe, kile chenye maua meupe, ili watu wakione tangu mbali. Nikaifunga na kamba za mpira, katikati na kwenye miisho. Ilikuwa nzuri. Niliitazama nikafurahi, na sikuona kile ambacho kila mtu mwingine angeona.

Hadi Kashuga hakuna shida. Nilipita bila kutazama upande wa nyumba yetu, ao nilitazama kidogo. Baada ya Kalembe ukungu ukashuka, nikawasha xenon yangu, na hapo nikajifunza jambo: taa kali katika ukungu haikati kitu, inapaka ukuta mweupe mbele ya macho yako. Nikaenda polepole kama ng'ombe. Nyuma yangu wakatokea wamotard watatu, nao wanaenda Pinga, wakaona ule mwangaza wakafikiri huyu mkubwa anajua njia, wakawasha taa zao na kunifuata mstari mmoja, polepole, hakuna anayenipita. Kwenye shimo la tope tulikata matawi tukayaweka chini ya magurudumu, na yaliyobaki wakayachomeka kila mmoja nyuma ya pikipiki yake, kwa mashimo mengine. Na kile kisanduku kilichobanwa kikaanza kuugusa waya: nikikata kona ya kushoto, klaksoni inalia yenyewe, ndefu, ya huzuni. Wale wa nyuma, kwa heshima ya wamotard, wakaitika.

Ngoja niwahesabie haki watu wa Pinga. Kwetu mtu akifia mbali, wamotard ndio wanaomrudisha: wanamviringisha vikwembe, wanamfunga nyuma kwa urefu, wanakwenda polepole mstari mmoja na taa zimewashwa hata mchana, matawi nyuma, klaksoni mpaka kijijini. Wewe ungekuwa umesimama mlangoni saa kumi na mbili jioni, ungefikiri nini?

Kilio kilianza nyumba za kwanza. Mimi nikasikia nikasema, masikini, Pinga kuna msiba (nikavua kofia!). Watu wakawa wanakimbia kando yetu, mikono kichwani, na kila mmoja akigeuka kunitazama anafunika macho, maana xenon inampiga, hakuna aliyeweza kuona ni nani ameshika usukani. "Ni nani? Munatuletea nani?" Nikifungua kinywa, kona ya kushoto, klaksoni inajibu kwa niaba yangu.

Nikasimama mbele ya ua wa baba mukwe. Jamaa yote ilikuwa imekaa pale kwa ile baraza yangu, viti vikaanguka. Justin ndiye alisema, kwa sauti ndogo: "Bahati alisema atakuja leo. Ni yeye." Na Riziki akatoka.

Hakuja kwangu. Alipita kando ya taa, macho amefumba, akaikumbatia ile matela, akapiga magoti kwenye tope.

"Bahati, Bahati wangu! Nilikuwa nakuuliza njia, njia, kumbe niliogopa kukuuliza kama unanitaka bado! Shuka lako nimelalia mpaka limetoboka. Hawa banataka niseme sina bwana, mimi nilikataa, nilikataa tangu asubuhi! Amuka uniambie bado. Sema tu bado, nitangoja!"

Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Ile ya taa na klaksoni ni ya kuchekwa tu. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuzima. Usukani ulikuwa umenyooka, klaksoni imenyamaza, na mimi niko nyuma ya ule mwangaza mweupe, hakuna anayeniona, nikimsikia. Niliweza kuzima. Nilijiambia nimeshangaa, na kidogo ni kweli. Lakini zaidi ni kwamba tangu Kashuga hakuna aliyenitamkia neno kama lile, na nilitaka la pili, halafu la tatu. Nikaacha alie.

Mama mukwe ndiye alishika pembe ya kikwembe, labda afunue uso. Akavuta, bashe ikapasuka, sponji ikavimba ikatoka nje kwa nguvu, ikamsukuma. Nikashtuka, nikageuza usukani, klaksoni ikalia.

"Eeh!" shangazi mmoja mzee akasema. "Maiti iko anapiga klaksoni!"

Nikazima taa. Giza kidogo, halafu wakaniona, kofia mkononi.

Watu walicheka mpaka wakaketi chini. "Marehemu amejiendesha mwenyewe!" "Jamani, ameleta na kitanda cha kuzikiwa!" Wale wamotard wangu watatu wakacheka kuliko wote, matawi nyuma. Mimi pia nilitaka kucheka, nikamtafuta Riziki ili tucheke pamoja, lakini alikuwa amesimama anajifuta magoti.

"Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikusikia."

"Tangu wapi?"

Ningeweza kusema tangu mwisho. Nikasema, "Tangu mwanzo."

Akaingia ndani.

Baba mukwe hakunitukana. Alisema baraza haiwezi kuendelea, maana mtu ambaye jamaa imemlilia leo hawezi kupewa bibi leo, machozi yakishamwagika uani lazima yakauke kwanza. "Rudi ile siku njia itakubali. Ukuje muchana, tukuone sura." Tena akaongeza: "Hatusemi tena kama Riziki hana bwana. Hiyo tumesikia wote." Nililala kwa Justin. Asubuhi Riziki hakutoka, lakini matela haikuwa tena uani, na kikwembe cha mama yake kilikuwa kimefuliwa, kimekunjwa kidogo kama kitabu cha sala, juu ya jiwe la mlango. Nilisogea karibu nitazame pindo aliloanza nalo. Lilikuwa la kushoto.

Nilirudi na taa ya zamani, balbu yake nilikuwa nayo mfukoni. Xenon niliirudisha kwa Papa Kambale, akaipokea akikohoa. Siku ile ile nimefika Sake, daraja la upande wa Kalembe lilichukuliwa na maji, njia ikafungwa tena. Nimeapa, na ninaandika ili nisijidanganye: sitaweka tena taa inayoficha uso wangu, na neno la mtu sitalisikiliza nikiwa nimejificha, hata likiwa tamu namna gani.

Yale maneno Riziki hajayarudia. Huwa nampigia mimi, ananijibu mama yake hajambo, mihogo haijambo, halafu anakata. Ananieleza kila kitu isipokuwa lile swali nililokuwa naliogopa. Jana mtu mmoja aliyetoka huko alisema wameanza kulaza magogo juu ya ule mto. Nimeosha pikipiki. Nimeweka simu karibu na dirisha, pale network inapokubali, na ninangoja aniulize kama njia imefunguka.