Kata ya Pombe Niliyoimwaga Nyuma ya Ghala

Baridi ya Tlawi si ya mzaha. Kuna asubuhi ukungu hauondoki mpaka saa nne, na watu wanalima na masweta mawili mwilini. Katika baridi hiyo mimi nilianza kutoka jasho. Joto lilianzia kifuani, likapanda shingoni mpaka kwenye nywele, nami nikavua sweta na kitenge cha mabegani huku wenzangu wakinikodolea macho. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya.

Kwetu, joto la mwili ni malaria, basi. Siku hizo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yamefunguliwa hadi vijijini, kwa hiyo nikanunua vidonge, nikameza. Mwezi uliofuata nikameza tena. Nililala chini ya mablanketi matatu, nikinywa chai ya tangawizi ili homa itoke. Mjinga mimi! Nilikuwa nachochea kuni.

Aliyenifumbua macho ni muuguzi wa zahanati, mama wa rika langu. Aliniuliza mara ya mwisho niliona siku zangu lini. Nikatazama sakafu.

"Mama, hii si homa. Ni umri, hedhi inakoma," akasema. "Acha kujifunika kama kiazi kwenye majivu."

Akaniambia nipunguze chai kali, pilipili na pombe, nile maharage, mnafu na maziwa, nitembee, na nivae nguo nyepesi zinazovulika upesi. "Sikuponyi, maana huumwi, ila utapata nafuu. Na ukikaa mwaka mzima halafu damu ikarudi, uje haraka."

Nilimtii shingo upande. Chai niliililia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, nikashika uji wa ulezi. Maji niliyozoea kupakia punda nikaanza kuyafuata mwenyewe, na punda akanenepa. Baada ya miezi miwili hivi nilianza kupata usingizi. Nikagundua pia kwamba, kwangu mimi, hakuna kilichowasha moto kama pombe. Kata moja tu na jasho lilinitiririka mpaka miguuni.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Kwetu, mwenye shamba la kupalilia hupika pombe, huita majirani, na kazi ikiisha kata moja huzunguka mdomo hadi mdomo, kuanzia kwa mwenye nyumba. Ukiikataa, umemwambia mwenye nyumba kwamba humwamini. Sasa jirani yangu, ambaye mimi na yeye tuliolewa mwaka mmoja, na ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua watoto wangu wote, aliita watu wapalilie mahindi yake. Kata ilipofika kwangu niliipokea, nikainuka nayo kama ninayempelekea mtu, nikaimwaga nyuma ya ghala. Nilipogeuka, yeye alikuwa amesimama pale na ndoo mkononi.

Ningemwambia palepale, lakini shemeji zake walikuwa hatua chache tu, na mambo ya damu ya mwanamke hayasemwi mbele ya wanaume. Nikatabasamu kijinga, nikamrudishia kata.

Tangu siku hiyo akaacha kuja kwangu. Nilipoita watu wa kuvuna maharage hakuja, wala hakutuma mtu. Tukikutana njiani alinisalimia kama anavyosalimiwa mpita njia. Kwanza nilikasirika: urafiki wa miaka ishirini na sita, kwa kata moja ya pombe? Kisha hasira ikaisha, nikabaki na upweke. Rafiki kama yule sikuwa na mwingine, na kwa umri ule sikuwa na nguvu ya kuanza na mpya.

Nikakaza moyo, nikaenda. Nilimkuta peke yake, anapukuchua mahindi. Sikuzunguka. Nikamweleza habari ya hedhi, ya jasho, ya muuguzi na ya pombe, nikamwomba radhi.

Mikono yake ikasimama. "Jasho la namna gani?"

"La kulowesha shuka."

"Na moyo unakwenda mbio bila sababu?"

"Mbio kabisa."

Akajifunika uso kwa kitenge. Mume wake alikuwa mchimbaji wa madini huko Mererani, anarudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, na kila mtu alijua yanayosemwa kuhusu wachimbaji.

"Nilijua ameniletea ukimwi," akasema. "Nalowa jasho, sina usingizi, nakonda. Ulipomwaga ile pombe nikasema, basi, hata yeye ameshaona. Hataki kata iliyogusa mdomo wangu."

Nilitamani kumwambia huumwi, lakini sikujua. Nilimwambia twende tukapime, wote wawili. Kesho yake asubuhi tukaenda kwa miguu mpaka zahanati. Ndani aliushika mkono wangu mpaka ukafa ganzi.

Hakuwa na kitu. Mimi pia sikuwa na kitu, ingawa siku ile hakuna aliyeniuliza. Muuguzi akaanza kumweleza habari za chai, maharage na maziwa, lakini yeye alikuwa ameshasimama, anajifunga kitenge upya.

"Mama, subiri, sijamaliza," muuguzi akasema. "Unakimbilia wapi?"

"Kwa binti yangu," akajibu. "Mtoto wake ana miezi saba, na sijambeba hata siku moja."