Shimo la Maji la Wavunaji wa Ndengu

Kwa miaka kumi na miwili Nzilani, mamake Mbithe, alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji kule Kathonzweni, na hakuna mtoto aliyeharisha bila yeye kujua. Kisha kipindupindu kikawaingia wavunaji wa ndengu waliotoka Mutomo, na kaunti ikamleta Najma, msichana wa Mwingi mwenye tableti na viatu safi. Siku mbili tu, wavunaji wote wanamwita daktari. Nzilani akabaki kubeba ndoo ya klorini. Wivu ulimkaba, wala hakujidanganya kuwa ni kitu kingine.

Jumanne Najma aliwauliza wavunaji wanachota maji wapi.

"Kwa bomba ya soko," wakasema, macho chini.

Walikuwa wanadanganya. Mto ulikuwa umekauka; kila boma lina shimo lake la maji mchangani, limezungushiwa miiba, na mgeni hana shimo. Basi alfajiri walikuwa wakisogeza miiba ya wenyewe na kuchota kwa kuiba. Shimo walilochagua lilikuwa chini kidogo ya kichaka walikojisaidia. Nzilani alikuwa amewaona kwa macho yake.

"Mama Mbithe, wewe ni wa hapa. Unaonaje?" Najma akamuuliza.

"Si wamekuambia ni bomba? Wewe ndiye umesoma."

Acha ahangaike kidogo, Nzilani aliwaza. Akishindwa, watanikumbuka.

Najma akafunga bomba. Soko zima likamnung'unikia, na Nzilani akafurahi hadi usingizi ukampata vizuri. Alhamisi asubuhi akafa Mutisya, mvunaji ambaye jana yake tu alikuwa akishona magunia. Furaha yote ikamtoka Nzilani. Alimshika Najma mkono, akampeleka mtoni, akamwonyesha miiba iliyosogezwa.

Najma alilitazama shimo, kisha kile kichaka. "Umejua hii maneno lini?"

"Leo," Nzilani akasema. "Leo asubuhi."

Shimo likafukiwa, wavunaji wakaletewa maji ya tangi. Saa sita Najma aliwakusanya wote mbele ya chifu. "Kama si Mama Mbithe, hatungejua. Mpigieni makofi."

Wakapiga kwa nguvu. Ndiyo heshima aliyokuwa akiionea uchungu tangu msichana yule ashuke kwenye gari. Mjane wa Mutisya, aliyekuwa akivuna pamoja na mumewe, akaja akamshika mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, mama. Umetuokoa sisi tumebaki. Ni vile tu ulichelewa kujua."

"Amina," Nzilani akajibu.