Fimbo ya Chuma Katika Paja la Nicanor

Gogo la msonobari liliteleza kwenye matope ya mlimani likamkuta Nicanor Brebu ameshika hatamu za farasi wake wa kukokota magogo. Alipozinduka alikuwa chini, na paja lake la kulia limepinda mahali pasipo na goti.

Picha ya hospitali ilionyesha mfupa umevunjika vipande vitatu, cha katikati kimekaa upande. Nicanor hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Mtanipasua?"

Kijijini kwetu tulijua kwa nini. Kaka yake, Gligor, aliwahi kuvunjika paja. Walimpasua kutoka nyonga hadi goti, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa. Hakutoka tena uani kwake mpaka alipokufa.

"Mimi simo," Nicanor alimwambia mkewe, Saveta. "Nirudishe nyumbani, nifungwe mbao."

"Nyumbani ukafanye nini? Ulale jikoni nikugeuze kama mkate?"

Daktari Zamfira, mpasuaji mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, akavuta kiti.

"Mzee wangu, sikupasui hivyo. Natoboa tundu dogo hapa nyongani. Natanguliza waya ndani ya mfupa, kisha fimbo ya chuma inaufuata hadi karibu na goti. Nakaza skrubu juu na chini. Penye mvunjiko sipafungui, natazama kwa eksirei."

"Na waya ukigoma?"

"Ukigoma kabisa, itabidi nifungue."

"Usifungue kabla hujaniambia."

"Nitakuambia."

Walimchoma sindano ya ganzi mgongoni, akabaki macho nyuma ya shuka la kijani. Maumivu hakuyasikia, ila mtikisiko wa nyundo ulimfika kwenye meno. Ko, ko, ko. Halafu nyundo ikasimama.

"Kipande cha kati kimeziba njia ya waya," msaidizi alisema. "Tufungue?"

Jasho likamtiririka Nicanor masikioni.

"Daktari!"

"Nipo, mzee."

"Uliniahidi."

"Ndiyo maana bado sijafungua. Tulia."

Zamfira akaomba pini nyembamba, akaipenyeza kwenye kitundu kingine ubavuni mwa paja, akawa anakisukuma kile kipande polepole.

"Vuteni mguu. Legeza kidogo. Picha."

"Bado."

"Vuta tena. Picha."

"Bado, daktari."

Nicanor alifumba macho, akamwona Gligor amekaa uani.

"Picha."

"Umepita!"

"Nini kimepita?" Nicanor alifoka.

"Waya, mzee. Fimbo inakuja."

Nyundo ikaanza upya. Nicanor akalia kwa sauti, muuguzi akamfuta uso.

Kesho yake walimsimamisha kwa magongo, Saveta kamshika kiuno.

"Usiniangukie," alimwambia. "Mimi sina chuma ndani."

Mfupa ulichelewa kuunga, na mguu ukabaki mfupi kidogo. Hata hivyo alirudi mlimani na farasi wake. Baridi ikishuka husugua nyonga na kutukana. Saveta hataki aende. Humsindikiza hadi darajani, wakigombana njia nzima.